Michael Wood, munganga wa ndege mwenye alirudishia watu sura yao

Wasomaji wetu wa Butembo na Beni, na ninyi wenye mko kwenye machimbo ya Manguredjipa na fasi nyingine za Lubero, leo tunawaletea maisha ya munganga Michael Wood. Wengi kati yenu wamesikia habari ya wanganga wa ndege wa Nairobi, wale wenye wanaruka kwenda kuchukua mgonjwa mahali gari haifiki. Lakini si wengi wanaojua kama mtu mwenye alianzisha kazi ile hakuwa munganga wa malaria wala wa kuzalisha. Alikuwa fundi wa kurekebisha sura: mdomo, pua, kope la jicho, ngozi iliyoungua.

Tumemchagua juu ya sababu moja. Kwetu huku kuko watu wenye kidonda kwenye mdomo, kidonda chenye hakifungi miezi na miezi. Wanajifunika kitambaa, wanaacha kwenda sokoni, wanaacha kwenda kanisani. Wanaogopa kansere, ile ambayo wenzetu wa pwani wanaita saratani. Lakini kisu wanakiogopa zaidi. Wanawaza kama munganga akikata mdomo, watabaki na meno nje mpaka siku ya kufa. Woga huo tunauelewa, na ndio unawamaliza. Mdomo uliokatwa unaweza kujengwa tena, na ufundi wa kuujenga ni wa zamani kuliko ndege. Tufuate maisha ya Wood, tuone namna ufundi ule ulifika upande wetu wa Afrika, na ni kitu gani kinauzuia mpaka leo usifikie kila mtu.

Pumu ilimleta Afrika

Michael Wood alikuwa Mwingereza. Alisomea unganga London, na alianza kazi katika miaka ya Vita ya Pili ya Dunia, wakati mji ule ulikuwa unapigwa mabomu usiku. Mwaka 1943 alioa Susan Buxton.

Huyu Susan, tukisema kweli, ni kama mtoto wa kwetu. Alizaliwa mwaka 1918 kaskazini-mashariki ya Kongo, katika pori la Ituri, ndani ya nyumba ya udongo. Wazazi wake walikuwa wamisionere. Babu yake, Charles Studd, alikuwa bingwa wa mchezo wa kriketi kwao Uingereza, akaacha mali yake na kufika Kongo mwaka 1913. Alikufia Ibambi mwaka 1931, na wazee wa upande wa Wamba na Isiro wanalijua jina lile. Susan alipelekwa Ulaya angali mdogo, lakini Afrika haikumtoka rohoni.

Michael mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na pumu kali, na baridi ya London pamoja na moshi wa makaa yake vilimziba kifua. Watu wenye wanafanya kazi ndani ya mashimo, kwenye vumbi, wanajua maana ya kutafuta pumzi na kuikosa. Basi baada ya vita, yeye na mke wake walihamia Kenya, kwenye hewa ya milima. Kifua kilifunguka kidogo, na kazi ikaanza Nairobi.

Vidonda vyenye havikuwa na fundi

Nairobi, Wood alipasua kila kitu, kama wanganga wengi wa wakati ule. Lakini kulikuwa aina moja ya wagonjwa wenye walimsumbua akili. Watoto walioanguka motoni. Watu walioumwa na fisi usoni wakilala nje. Watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Watu wa ukoma, wenye ugonjwa ulikwisha kuisha mwilini lakini uliacha pua imebomoka na vidole vimekunjamana. Na wale wenye uvimbe wa kansere kwenye uso.

Kwa wagonjwa wale, kuokoa uhai haikutosha. Ngozi ikiungua na kuachwa ipone yenyewe, inavuta. Kidevu kinaweza kuvutwa mpaka kushikamana na kifua. Kope linageuka nje, jicho linakauka, mwisho jicho linapofuka. Mdomo wa chini ukivutwa haufungi tena, na mate yanachuruzika mchana na usiku. Mtu anaishi, lakini hali pamoja na wengine, haolewi, hapati kazi.

Wood aliona kama hana ufundi wa kutosha. Kwa hiyo katika miaka ya 1950, akiwa tayari ni munganga mwenye jina, alirudi Uingereza kuwa mwanafunzi tena. Alikwenda mji mdogo wa East Grinstead, kwa mwalimu mwenye dunia nzima ilikuwa inamsikia: Archibald McIndoe.

Mwalimu wa East Grinstead

McIndoe alizaliwa New Zealand mwaka 1900. Binamu yake, Harold Gillies, ndiye alikuwa amefungua njia wakati wa Vita ya Kwanza, alipotengeneza maelfu ya askari wenye walirudi wakiwa hawana taya, hawana pua, hawana midomo. Katika vita ya pili McIndoe alipokea marubani wenye ndege zao ziliwaka moto. Petroli iliwaunguza mikono na uso. Wakati ule wanganga wengi walipaka dawa ya kukausha juu ya ngozi iliyoungua. McIndoe aliona kama marubani walioanguka baharini wanapona vizuri kuliko wale walioanguka nchi kavu. Akaacha dawa ile, akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Halafu alijenga upya kope, pua na midomo, kidogo kidogo. Rubani mmoja aliweza kupasuliwa mara nyingi, miaka kadhaa.

Lakini kuko jambo lingine McIndoe alifanya, nalo halikuhitaji kisu. Alikwenda kwa wenyeji wa mji, akawaomba wawakaribishe wale vijana nyumbani kwao, wakunywe nao, wacheze nao dansi, na wasigeuze macho. Mji ulikubali. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, na mpaka mwisho wa vita wanachama walikuwa 649. Walikijipa jina la mnyama mdogo, dende, yule ambaye wataalamu wanamfanyia majaribio, maana walijua kama munganga wao anajaribu juu yao mambo yenye hayajajaribiwa. Walicheka, na kile kicheko kiliwaponya pia.

Wood alijifunza mambo yote mawili: namna ya kuhamisha ngozi, na namna mtu mwenye sura mpya anahitaji watu wa kumtazama machoni.

Ngozi inahamishwa namna gani?

Hapa tusimame kidogo, maana hili ndilo swali lenye watu wanatuuliza.

Kuko njia mbili. Ya kwanza, munganga anatwaa ngozi nyembamba sana, kwa mfano kwenye paja, na kuilaza juu ya kidonda. Ngozi hiyo imekatwa kabisa na kwao. Inapaswa kunywa damu ya mahali inapolazwa, la sivyo inakufa. Kwenye mguu au mgongo inafaa sana. Lakini mdomo hauko ukuta wa kupaka rangi. Mdomo uko na ngozi upande wa nje, nyama katikati, na utando wa maji upande wa ndani. Unapaswa kufunga, kufunguka, kunyonya, kupuliza. Ngozi nyembamba peke yake haiwezi kazi ile.

Njia ya pili ni ile tutaita hapa kipande hai. Munganga anakata ngozi pamoja na nyama yake pande tatu, lakini upande mmoja anauacha ushikilie mwili, kwa sababu ndani yake mnapita mshipa wa damu. Halafu anakizungusha kile kipande mpaka kwenye tundu, anakishona pale, huku kinaendelea kulishwa na mshipa wake wa zamani.

Mchimbaji ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa unganga. Mwenzenu yuko chini ya shimo refu, mashine iko juu, na mpira unamletea hewa. Hakuna mtu atathubutu kukata mpira ule kabla mwenzenu hajafika fasi yenye hewa nyingine. Kipande hai kinaishi vile vile. Kile kishikio chake ndicho mpira wake. Baada ya wiki mbili au tatu, mishipa midogo mipya inatoka mahali pageni na kuingia ndani yake. Sasa kipande kiko na hewa yake mwenyewe, na munganga anaweza kukata mpira.

Ufundi huu hauna mwaka mmoja wala muzungu mmoja. Kule India, wanganga wa kale walijenga pua kwa ngozi ya shavu zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Kwa mdomo, watu wanataja hasa majina mawili: Estlander wa Finland, mwenye aliandika njia yake mwaka 1872, na Robert Abbe wa New York, mwaka 1898. Wote wawili walifuata wazo moja: mdomo mmoja ukipungukiwa, azima kwa mdomo mwingine, maana hakuna nyama nyingine mwilini yenye kufanana na mdomo.

Tuseme kansere iko kwenye mdomo wa chini, kama ilivyo mara nyingi. Munganga anakata kidonda pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka, ili asiache mizizi. Sasa inategemea ukubwa wa tundu. Likiwa halipiti theluthi moja ya mdomo, anakata kwa umbo la herufi V na kushona pande mbili pamoja. Mdomo unavutika; baada ya miezi linabaki kovu la mstari tu. Tundu likipita theluthi moja, anachukua kipande kwenye mdomo wa juu, anakigeuza kikiwa kingali kimeshikilia, na kukishona chini. Wiki mbili au tatu midomo miwili inabaki imeshonwa pamoja katikati, na mgonjwa anakunywa maji, uji na supu kwa mrija. Siku ya pili ya upasuaji, kishikio kinakatwa na mdomo unafunguliwa. Tundu likiwa kubwa zaidi, munganga anasogeza nyama ya pande zote mbili za mdomo ikutane katikati, pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, ili mdomo uendelee kufunga na kusikia moto na baridi. Hapo kinywa kinabaki kidogo kuliko zamani, na mtu anapaswa kukifanyia mazoezi. Na kama mdomo wote umekwenda, nyama inatoka kwenye mashavu, au inatoka mbali zaidi.

Juu ya nini wanganga wanapata taabu yote hii kwa kitu kidogo kama mdomo? Jaribu kusema mama bila midomo yako kugusana. Jaribu baba. Jaribu pole. Haiwezekani. Mtu asiye na mdomo wa chini anashindwa kuita mzazi wake, na anashindwa kushika mate na mchuzi mbele ya watoto wake.

Ndege chini ya Kilimanjaro

Wood alirudi Afrika ya Mashariki na ufundi ule mikononi. Lakini shida nyingine ilimngoja. Fundi alikuwa mmoja Nairobi, na wagonjwa walikuwa wametawanyika katika nchi tatu kubwa, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vijiji vyenye barabara zilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua. Mgonjwa mwenye uso ulioliwa hakuweza kusafiri siku tano juu ya lori. Na wengi waliona haya kuonekana njiani.

Wood alikuwa na shamba upande wa Tanganyika, chini ya mlima Kilimanjaro. McIndoe naye alipenda kuja upande ule. Munganga wa tatu, Mmarekani Thomas Rees, aliyekuwa amejifunza pia East Grinstead, aliungana nao. Pale shambani wanganga hawa watatu walizungumza jambo moja: kama mgonjwa hawezi kumfikia munganga, munganga amfikie mgonjwa. Mwaka 1957 shirika lilizaliwa, lile lenye leo linaitwa Amref. McIndoe alikufa mwaka 1960, hakuona mti wote ukikua. Mzigo ulibaki juu ya Wood.

Alikwisha kujifunza kurusha ndege yeye mwenyewe. Aliruka mpaka hospitali za misioni na za serikali zenye zilikuwa mbali, akitua juu ya viwanja vya majani ambapo mara nyingi ng'ombe walipaswa kufukuzwa kwanza. Hospitali zile ziliwekewa redio. Kwa saa zilizopangwa, munganga au muuguzi wa kijijini aliita Nairobi, akaeleza wagonjwa wake, akapata shauri, au akaomba ndege. Mbele ya Wood kufika, wagonjwa walikuwa wamekwisha kukusanywa. Alipasua mchana kutwa, pembeni yake akisimama munganga wa pale ili aone na ajifunze, halafu akaruka kwenda hospitali ya kufuata.

Wakati ule ule, huku kwetu, Oicha, kilomita karibu 30 kutoka Beni, kulikuwa munganga mwingine mwenye wazee wetu wanamkumbuka: Carl Becker, Mmarekani, mwenye alifika Kongo mwaka 1929. Oicha ilipokea maelfu ya wagonjwa wa ukoma, na wengine walitoka mbali sana kwa miguu. Vita ya Simba ya mwaka 1964 ilimfukuza. Alirudi, na alikuwa kati ya wale walioanzisha hospitali kubwa ya Nyankunde. Becker alikaa fasi moja na wagonjwa wakamjia. Wood aliruka akawafuata. Wote wawili walipigana na adui mmoja, yaani umbali.

Mambo yenye Wood alibadilisha mawazo

Tusimfanye malaika. Ndege inatua, munganga anapasua, ndege inaondoka. Na kipande hai, je? Nani atakiangalia usiku, kama kinageuka rangi ya buluu kwa sababu mshipa umejikunja? Nani atasafisha kidonda, nani atakata kishikio baada ya wiki tatu kama mvua imeharibu kiwanja? Wood alielewa kama ndege peke yake haitoshi. Mikono ya watu wa pale pale ndiyo inaponya baada ya fundi kuondoka. Kwa hiyo shirika lake liliweka nguvu mingi zaidi katika kufundisha wauguzi na watu wa afya wa vijijini, na katika kuzuia magonjwa. Ndege ziliendelea, lakini hazikuwa tena kazi yote.

Jambo lingine. Katika miaka ya 1950, wakati Kenya ilikuwa katika vita ya Mau Mau na wazungu wengi walijifungia ndani ya woga wao, Michael na Susan waliingia katika chama cha Capricorn, kilichotaka watu wa rangi zote wawe na haki moja ya uraia. Wazungu wengine waliwasema vibaya. Chama kile hakikushinda; uhuru ulikuja kwa njia nyingine. Lakini kinatuonyesha mtu alikuwa wa namna gani.

Mwaka 1975 Susan alianzisha Nairobi karakana ndogo ya shanga za udongo, na wanawake wawili wenye walikuwa wanalea watoto peke yao. Aliiita Kazuri. Leo iko na mamia ya wafanyakazi. Mwaka 1985 malkia wa Uingereza alimpa Michael cheo cha heshima. Mwaka ule ule, katika umri wenye wengine wanapumzika, alianzisha shirika lingine, la kusaidia wakulima na wafugaji, maana aliona kama njaa inaharibu miili mingi kuliko moto na fisi. Alikufa mwezi wa tano mwaka 1987. Susan alimfuata mwaka 2006.

Sisi tunabaki na nini?

Wood alikufa, na sisi tuko hapa, kwenye nchi ambapo kutoka Beni kwenda Butembo ni kilomita zaidi ya 50 tu, lakini kuko siku ambazo hakuna mtu anathubutu kupita njia. Umbali ambao Wood alipigana nao, kwetu umeongezeka juu ya vita. Kwa hiyo kila wiki tunayopoteza tukijificha nyumbani ni wiki ya bei kali.

Ngozi nyeusi inajikinga na jua zaidi ya ngozi ya wazungu, hiyo ni kweli. Lakini kuko watu wenye wanapaswa kuwa macho. Wa kwanza ni ndugu zetu maalbino. Wao hawana ile rangi ya kukinga, na kansere ya ngozi inaweza kuwashika wangali vijana, kwenye midomo, masikio na shingo. Mtoto albino apewe kofia pana na nguo za mikono mirefu tangu utoto, wala asitumwe kuosha mchanga wa dhahabu mtoni kwenye jua la saa sita. Wa pili ni wale wenye wanavuta sigara sana, na zaidi tena wakiongeza pombe kali. Wa tatu, na hapa tunasema na wachimbaji wenyewe, ni wale wenye kovu la zamani la moto au la baruti. Kovu lenye linapasuka, linafunga, linapasuka tena, miaka na miaka, mwisho linaweza kugeuka kansere.

Basi jiangalieni, na muangaliane. Kidonda cha mdomo chenye kimepita wiki tatu bila kufunga. Gamba lenye linaanguka na kurudi fasi ile ile. Doa jeupe lenye linakuwa gumu. Kivimbe chini ya kidevu: usikipake asidi ya betri, usikichome na moto, usingoje. Nenda kwenye kituo cha afya, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Pale watakata kakipande kadogo na kukatuma kapimwe, maana hakuna munganga mwenye anaweza kujua kwa macho tu. Haiko kila kidonda ni kansere. Na kama ni kansere, kumbuka hesabu yetu ya theluthi: yule anayefika mapema anashonwa siku moja na kurudi nyumbani, yule anayechelewa anaingia katika njia ya mashavu, ya mrija, ya kupasuliwa mara mbili na tatu, na pengine ya kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda mpaka Kampala, na dola za jamaa zikaisha.

Na kwa ninyi wa nyumbani. Mtu akirudi na mdomo mpya, mwanzoni utakuwa umevimba, mwekundu, mgumu. Maneno yatatoka vibaya. Atamwaga uji. Msimtengee sahani yake pembeni. Mpeni mazoezi: apulize, apige mluzi, aseme mama na baba mpaka yatoke sawa. Watu wa mji mdogo wa East Grinstead hawakuwa wanganga. Waliweka kiti cha ziada mezani, wakaendelea na mazungumzo. Jambo lile halidai ndege, na Beni na Butembo tunaliweza.